MTUMBWI MWEPESI, MGONGO MZIMA: Jinsi ya kuchagua chombo cha kuvulia samaki

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Leo naomba ruhusa ya kuwapinga wahenga hao katika jambo moja tu. Mtu anayekwenda kuvua samaki bwawani bila kuchagua chombo chake kwa makini huenda akarudi nyumbani na samaki wawili na mgongo usiokunjuka. Wengine hawarudi kabisa.

Miezi kadhaa iliyopita, mwalimu mmoja mstaafu aliingia katika chumba changu cha matibabu hapa mjini Machakos akitembea upande kama kaa. Alikuwa na umri wa miaka 61. Hakuweza kuketi, kwa hivyo tulizungumza tukiwa tumesimama. Alinieleza kwamba baada ya kustaafu alijinunulia mtumbwi wa plastiki, ule ambao siku hizi wengi huuita kayaki, ili awe akienda kuvua katika bwawa la Masinga siku za Jumamosi. Ilikuwa kayaki nzuri, ndefu, yenye kiti cha kuegemea na mahali pa kuchomeka fimbo nne za ndoano. Uzito wake ulikuwa kilo 40.

"Daktari," aliniambia, "asubuhi niliiteremsha bila taabu. Ni jioni iliyonivunja."

Jioni hiyo alifika ukingoni akiwa amechoka. Kutoka majini hadi kwenye gari palikuwa na hatua kama 150 za matope yaliyokauka nusu. Alikuwa peke yake. Aliinama, akashika mpini wa mbele, akavuta huku akigeuka kuangalia nyuma, na papo hapo akahisi kitu kama kamba iliyokatika kiunoni. Maumivu yakashuka pajani, yakapita nyuma ya goti, yakaishia kwenye kidole gumba cha mguu.

Nilimuuliza, "Mwalimu, siku uliyoinunua, je, uliinyanyua?"

Akacheka licha ya maumivu. "Daktari, niliuliza itabeba samaki kilo ngapi. Sikuuliza ni nani atakayeibeba yenyewe."

Jibu hilo ndilo somo letu la leo. Uzito wa chombo hujulikana jioni, wala si asubuhi dukani.

Je, jambo hili linatuhusu sisi?

Msomaji wa mjini anaweza kudhani kwamba mambo ya mitumbwi ni ya watu wa Kisumu, Lamu au Mombasa. Sivyo. Bwawa la Masinga lilianza kazi mwaka wa 1981, na ndilo la kwanza kutoka juu katika yale mabwawa matano ya mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Likijaa, maji yake hutanda eneo la takriban kilomita 120 za mraba. Wako wavuvi ambao kazi yao ni hiyo, na sasa wako pia watu wa mijini, wastaafu kwa vijana, wanaokwenda kuvua tilapia na kambare kwa kujiburudisha. Mazoezi hayo ni mema kwa moyo, kwa shinikizo la damu na kwa akili iliyochoshwa na ofisi. Sina nia ya kumzuia mtu. Nia yangu ni kwamba aendelee kwenda hata akifika umri wa miaka 70.

Bwawa, hata hivyo, si ziwa la kawaida. Kina chake hupanda na kushuka. Mwaka wa 2009 maji ya Masinga yalipungua hadi mitambo ya umeme ikasimamishwa. Katika miaka ya 2018, 2020 na 2024 maji hayo hayo yalijaa hadi yakafurika. Maana yake kwa mvuvi ni hii: mahali ulipoegesha gari hatua 20 kutoka majini wakati wa mvua, wakati wa kiangazi huenda pakawa hatua 200 za matope, mawe na visiki. Chombo ulichokiona chepesi mwezi wa Mei kitakuwa kizito mwezi wa Septemba, ingawa kilo zake hazikuongezeka hata moja.

Mgongo hufanyaje kazi?

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini kilichojaa ute, mfano wa mto mdogo, ambacho hupunguza mtikisiko. Nyuma ya pingili kuna misuli ambayo kazi yake ni kutuzuia tusianguke kifudifudi.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Misuli hiyo huvuta ikiwa umbali wa takriban sentimita 5 tu kutoka katikati ya uti. Ukishika mzigo wa kilo 20 mbele yako, umbali wa sentimita 50, mzigo huo uko mbali mara 10 kuliko misuli. Ili kuusawazisha, misuli italazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200. Ukiusogeza mzigo uleule hadi sentimita 25, nguvu hiyo itapungua na kuwa kilo 100. Hapo bado hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chako mwenyewe kilichoinama.

Sasa utaona kwa nini kayaki humshinda mtu anayebeba mtungi wa lita 20 kila siku bila kulalamika. Mtungi ni mfupi, nao hukaa karibu na mwili. Kayaki ina upana wa sentimita 70 hadi 85 na urefu wa mita 3 au 4. Hata ukiikumbatia, katikati yake iko mbali na kiuno chako. Ukiibeba kwa mpini wa ubavuni, huuvuta uti wako upande mmoja. Upepo ukivuma, hugeuka kama bati lililong'oka paa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Usiku tunapolala, vile visahani hunyonya maji vikavimba. Ndiyo sababu asubuhi huwa warefu kidogo kuliko jioni. Katika saa ya kwanza baada ya kuamka, visahani vilivyovimba huumia kwa urahisi zaidi mtu anapoinama. Sasa mtazame mvuvi wa Jumamosi: huamka saa kumi alfajiri, hupakia kayaki juu ya gari kabla hata ya kunywa chai, huketi garini akitikiswa hadi Masinga, kisha hushuka na kuanza kunyanyua mara moja. Jioni misuli ikiwa imechoka, hurudia yote hayo. Mgongo wake hushambuliwa mara mbili kwa siku moja.

Uzito gani unafaa?

Mwaka wa 1967 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mkono mzigo unaozidi kilo 55. Elimu imesonga mbele tangu hapo. Mwaka wa 1991 taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, ilirekebisha kanuni yake ya kunyanyua mizigo na kuweka kilo 23 kuwa kikomo, tena pale ambapo hali zote ni nzuri: mzigo uko karibu na mwili, uko kimo cha kiuno, una mahali pazuri pa kushika, na hulazimiki kujipinda. Idara ya Uingereza inayoshughulikia usalama kazini nayo hutaja kilo 25 kwa wanaume na kilo 16 kwa wanawake, mzigo ukiwa kimo cha kiuno na karibu na mwili.

Kayaki haina hata moja ya hali hizo nzuri. Kwa hivyo huu ndio ushauri wangu kwa mtu mwenye afya njema:

Ikiwa utaibeba peke yako, tafuta chombo kisichozidi kilo 20 hadi 23. Ikiwa una zaidi ya miaka 50, au umewahi kuugua mgongo, au mikono yako ni myembamba, teremka chini ya kilo 20. Ikiwa mko wawili kila safari, bila kukosa, mnaweza kufika kilo 35. Chombo cha kilo 40 na zaidi kisinunuliwe bila magurudumu na mwenzio wa kudumu. Nimesema wa kudumu kwa sababu jirani atakayekusaidia asubuhi si lazima awepo jioni.

Usiuamini uzito ulioandikwa kwenye tangazo. Mara nyingi huo ni uzito wa kayaki tupu. Kiti huongeza kilo 2 au 3, kafi kilo moja, nanga na kamba yake kilo kadhaa, na maji yaliyosalia ndani baada ya kuvua huongeza mengine. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kayaki iliyobakiwa na lita 10 tumboni imekuwa nzito kwa kilo 10 bila wewe kuona chochote.

Aina za vyombo

Mitumbwi ya mbao inayotumiwa na wavuvi wa kazi ni imara na hubeba nyavu nyingi, lakini hunyanyuliwa na watu kadhaa, na aghalabu huachwa ukingoni. Haimfai mtu wa kuja na kurudi.

Kayaki za plastiki ngumu ndizo nyingi. Huvumilia mawe na visiki, na hazihitaji matunzo makubwa. Ubaya wake ni uzito: zile za kuvulia huanzia kilo 25 na kupita hata 40. Kila kitu kinachoongezwa, kama vile kiti kikubwa, kanyagio za miguu au sanduku, huongeza kilo. Wauzaji hupenda kukuonyesha vitu hivyo. Wewe jiulize ni vingapi utakavyovitumia.

Zile za faiba ni nyepesi zaidi kwa urefu uleule, lakini hupasuka zikigongwa kwenye mwamba. Haziburutwi. Anayezinunua akubali kuzibeba.

Zile za kujazwa upepo huwa na kilo 10 hadi 20, huingia kwenye mfuko na kukaa ndani ya gari, kwa hivyo hakuna haja ya kunyanyua chochote juu ya paa. Kwa mtu mwenye mgongo mbovu, hilo ni jambo kubwa. Lakini kingo za mabwawa yetu zimejaa miiba ya migunga, na ndoano nayo haina macho. Ukichagua hii, hakikisha ina vyumba vya hewa zaidi ya kimoja, ili kimoja kikitoboka vingine vikushikilie. Fahamu pia kwamba hukaa juu juu ya maji, na upepo wa alasiri huisukuma kirahisi.

Tena, kwa mvuvi anayeanza, ile ya kukalia juu ni bora kuliko ile ya kutumbukiza miguu ndani. Ikipinduka, maji hutoka yenyewe kwenye matundu yake, na mtu huweza kuipanda tena. Ile ya ndani hujaa maji kama karai.

Wepesi peke yake hauokoi

Hapa naomba msomaji asinielewe vibaya. Sikusema achukue kilicho chepesi kuliko vyote. Chombo hutuelea kwa sababu husukuma maji: kila lita inayosukumwa hubeba kilo moja. Kayaki fupi na nyembamba husukuma maji machache. Ukiipakia kupita kiasi, huzama hadi karibu na ukingo, na wimbi dogo huipindua.

Fanya hesabu kabla ya kununua. Tuseme una kilo 85. Nguo, viatu na jaketi la kuelea ni kilo 5. Nanga, ndoano, maji ya kunywa, chakula na sanduku ni kilo 15. Samaki, Mungu akijalia, kilo 10. Jumla ni kilo 115. Usiitumie kayaki hadi mwisho wa uwezo wake ulioandikwa. Jiwekee theluthi mbili tu. Kwa hivyo mtu huyu anahitaji chombo kilichoandikwa uwezo wa kilo 170 hivi. Mwenye kilo 60 anahitaji kidogo zaidi ya kilo 130, naye atapata kayaki fupi na nyepesi zaidi.

Upana nao una mambo yake. Kayaki ya sentimita 80 hutulia, na unaweza kugeuka kuchukua chambo bila kuogopa. Ya sentimita 65 huenda kasi lakini huyumba. Kwa kuvua, tafuta utulivu kwanza. Ukitaka kupunguza kilo, punguza urefu na mapambo, usipunguze upana. Kayaki ya mita 3 yenye upana wa kutosha huwa na uzito unaobebeka, nayo inatosha kabisa kwa mtu anayevua karibu na ukingo.

Kuhusu jaketi la kuelea, sina mjadala. Uzito wake ni takriban kilo moja. Kama unatafuta kilo ya kupunguza, usianzie hapo. Livae likiwa limefungwa vifungo vyote, tangu unapoingia majini hadi unapokanyaga nchi kavu. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halijawahi kumwokoa mtu. Nimewahi kuitwa usiku kuthibitisha kifo cha kijana aliyejua kuogelea vizuri. Alikuwa na jaketi. Lilipatikana ndani ya mtumbwi, kavu.

Usisahau kafi

Wengi huhesabu kilo za chombo na kusahau kafi, ilhali kafi ndilo linalonyanyuliwa mara nyingi zaidi. Mtu apigaye makafi polepole huvuta kama mara 30 kwa dakika, yaani mara 1,800 kwa saa. Kafi likizidi jingine kwa gramu 300 tu, kwa saa moja mabega yako yamenyanyua zaidi ya kilo 500 za bure. Mtu wa umri wa miaka 40 na kuendelea, ambaye kano za bega lake zimeanza kuchakaa, atalipia kilo hizo usiku kwa kukosa usingizi. Kama fedha zako hazitoshi vyote viwili, nunua kayaki ya bei ya wastani na kafi jepesi.

Majaribio matano kabla ya kulipa

La kwanza, pima uzito wote, kiti na kafi vikiwemo. Mizani ya kuning'iniza inayotumiwa na wanunuzi wa nafaka inatosha.

La pili, ibebe hatua 50 kwenda na hatua 50 kurudi. Ukifika, zungumza na muuzaji. Ikiwa huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, hicho si chombo chako.

La tatu, inyanyue hadi kwenye keria ya gari lako mwenyewe, si la muuzaji, kisha iteremshe. Bega likilia, lisikilize.

La nne, keti ndani yake kwa dakika 20 bila kusimama. Miguu ikifa ganzi au kiuno kikiuma ukiwa dukani, bwawani itakuwaje baada ya saa nne?

La tano, na muhimu kuliko yote, omba kuijaribu kwenye maji yasiyozidi kimo cha kifua, jaketi likiwa mwilini na mwenzio akiwa kando yako. Ipindue kwa makusudi. Igeuze, uipande tena. Kayaki ambayo huwezi kuipanda tena ukiwa mzima wa nguvu hutaweza kuipanda ukiwa umechoka na umetishika. Muuzaji akikataa jambo hili, fanya mwenyewe siku ya kwanza kabla hujaanza kuvua.

Namna ya kuibeba

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, lakini ainame kwa magoti wala si kwa kiuno. Ukishuka garini, usinyanyue chochote kwanza. Tembea dakika 10, nenda ukayaangalie maji. Mgongo ulioketi muda mrefu unahitaji kuamshwa taratibu.

Toa vitu vyote ndani ya kayaki na umwage maji yote. Safari mbili za mizigo midogo ni bora kuliko moja ya mzigo mkubwa. Simama karibu nayo, tanua miguu, kunja magoti, isogeze mwilini, kisha simama kwa nguvu za mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo zako; usiusokote mgongo kama anayekamua nguo. Hilo la kusokota huku ukivuta ndilo lililomwangusha mwalimu wetu.

Unapopakia garini peke yako, usiinyanyue yote mara moja. Egemeza ncha moja kwenye keria ya nyuma, kisha nenda uinyanyue ncha ya pili na kuisukuma mbele. Kwa njia hiyo hubebi zaidi ya nusu ya uzito.

Kigari kidogo cha magurudumu mawili kitakusaidia kuliko dawa yoyote niliyo nayo. Chagua magurudumu mapana, kwa sababu membamba huzama topeni. Funga kayaki katikati ili uzito ukae juu ya magurudumu, wewe ubaki ukiongoza tu.

Ukingoni kuna mengine

Chombo kizito humweka mtu majini muda mrefu, akiwa amezama hadi magotini, akisukuma na kuvuta. Machakos ni mojawapo ya sehemu za Kenya ambako kichocho cha matumbo kimechunguzwa sana na wataalamu tangu miaka ya 1980. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na hupenya ngozi nzima katika muda wa dakika chache. Chukulia kwamba maji yoyote yaliyotuama yenye majani na konokono yanaweza kuwa navyo. Ingia na kutoka mahali pasipo na majani, fanya upesi, na ukipata homa, kuharisha au damu kwenye choo wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari kwamba ulikuwa bwawani. Dawa ya prazikwanteli ipo na hutibu.

Viboko na mamba pia wapo Masinga. Hakuna kayaki, nyepesi au nzito, iliyo kinga dhidi yao. Wavuvi wa pale wanajua walipo. Waulize kila safari, na uulize pia kuhusu leseni ya uvuvi. Epuka matete, epuka kuingia kabla jua halijachomoza na kukaa hadi giza liingie. Toka majini kabla upepo wa alasiri haujashika kasi. Ukitoka mapema, utakuwa na nguvu za kubeba chombo chako.

Nani asiende, na lini umwone daktari?

Mwenye kifafa asivue peke yake majini hata kama hajaanguka kwa muda mrefu. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, maumivu ya kifua, au aliyepasuliwa ngiri hivi karibuni, asinyanyue kayaki kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mama mjamzito naye awaachie wengine kazi ya kubeba.

Ukiumia mgongo, usilale kitandani wiki nzima kama tulivyoshauriwa zamani. Pumzika siku moja au mbili ikibidi, kisha tembea kidogo kidogo. Wengi hupata nafuu katika wiki sita bila kupasuliwa, na wengi hawahitaji hata picha ya eksirei. Dawa za maumivu zitumiwe kwa ushauri, hasa kwa wenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au shinikizo la damu.

Lakini nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya: ganzi sehemu za siri au kwenye makalio, mkojo kuziba au kujitokea, choo kutoka bila kujua, au mguu kuishiwa nguvu hadi unaburuta wayo. Hizo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu imebanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama utatembea tena vizuri.

Mwalimu wetu hakuwa na dalili hizo. Alitembea kila asubuhi kama nilivyomwelekeza, akafanya mazoezi ya tumbo na mapaja, na baada ya wiki nane alikuja kuniaga akiwa amenyooka. Nilidhani ameacha uvuvi. Kumbe ameiuza ile ya kilo 40 na kununua ya kilo 21, fupi, pana, yenye nafasi ya fimbo mbili tu. Ameinunulia na kigari, na sasa huenda na jirani yake.

"Samaki je, wamepungua?" nilimuuliza.

"Daktari," akasema, "samaki ni walewale. Nilichopunguza ni chombo."

Msomaji mpendwa, kabla hujatoa fedha zako, funga macho ufikirie saa kumi na moja jioni: jua linashuka, mikono imechoka, matope yako mbele yako, na hapana mtu mwingine ukingoni. Chombo utakachoweza kukibeba saa hiyo ndicho cha kununua.